Semboja wa Mazinde: Mwana wa Mfalme na Nchi Iliyopigana Yenyewe kwa Yenyewe



Wapendwa wasomaji, tunaposimulia maisha ya watu wa kale mara nyingi tunachagua watakatifu, ili mifano yao itutie nguvu. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa mtakatifu. Ni Semboja, mwana wa Mfalme Kimweri wa Usambara, aliyefariki mwaka 1895. Wapo wanaomkumbuka kwa akili na ujasiri wake, na wapo wanaosema kuwa ndiye aliyeiharibu nchi. Tumeona inafaa kumfahamu, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jinsi biashara ya watu ilivyoingia katika nyumba moja ya kifalme, ikawagombanisha ndugu, na hatimaye nchi nzima ikapigana yenyewe kwa yenyewe kwa miaka zaidi ya 20. Vita hivyo vilifika hadi huku mashariki, katika milima ya Amani na katika nchi ya Bonde iliyo chini yake.

Nyumba aliyozaliwa

Semboja alizaliwa katika ukoo wa Wakilindi. Mwanzilishi wa ukoo huo ni Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka nchi ya Nguu katika karne ya 18. Masimulizi ya Wasambaa yanasema kuwa Mbegha aliwapa watu nyama, akawaondolea nguruwe walioharibu mashamba yao, akaamua kesi zao kwa haki, nao wakamfanya mfalme. Mji mkuu ukawa Vugha, na mfalme akaitwa Simba Mwene.

Mwanzo huo una maana kubwa. Mkilindi wa kwanza hakuja na jeshi bali alikuja na chakula. Wasambaa walijenga juu ya habari hiyo fundisho lao lote la utawala. Mfalme mwema huiponya nchi, jambo ambalo kwa Kisambaa huitwa kuzifya shi: mvua hunyesha, migomba huzaa, watu hulala usingizi. Mfalme mbaya, au wakuu wawili wanaogombea enzi moja, huiharibu nchi, yaani kubana shi. Hapo mvua hukatika na njaa huingia.

Baba yake Semboja, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kwa karibu nusu karne. Enzi yake ilishuka kutoka milimani hadi pwani, kati ya Tanga na Pangani, na hata maofisa wa miji ile ya pwani walihitaji kibali chake pamoja na kile cha Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake akitafuta mahali pa kuanzisha misioni, akarudi tena mwaka 1852. Richard Burton na John Speke walipofika Vugha mwaka 1857 walimkuta mzee na mgonjwa, mwenye hamu ya kupata dawa ya kumrudishia nguvu.

Tusiupambe wakati huo kupita kiasi. Watumwa walikuwepo hata chini ya Kimweri, na baraza lake lilikuwa na watu waliotolewa kwa mfalme kwa sababu ya deni au kosa. Lakini utajiri wa nchi, pembe za ndovu, ng'ombe na kodi, ulikuwa ukipanda kwenda Vugha, na kutoka Vugha ukigawiwa. Wana wa Kimweri waliwekwa kuwa wakuu wa sehemu mbalimbali za nchi, nao walimtii kwa sababu alikuwa baba yao na kwa sababu hakuna aliyekuwa na mali ya kushindana naye.

Njia ya Mazinde

Semboja alikuwa mmoja wa wana hao. Aliona mapema jambo ambalo ndugu zake wengi hawakuliona: mali ilikuwa inabadilisha njia. Misafara ya pwani iliyokwenda Pare na Kilimanjaro ilipita bondeni, kando ya mto Pangani, chini ya miamba ya Usambara ya magharibi. Mkuu aliyekaa juu milimani aliiona misafara ikipita kwa mbali. Mkuu aliyeshuka chini aliweza kufanya nayo biashara. Semboja alishuka, akajenga Mazinde.

Huko alikaa pamoja na wafanyabiashara wa pwani, akavaa mavazi yao, akajifunza mambo yao, akamweka karani Mswahili, Abdallah bin Hemedi. Karani huyo ndiye baadaye aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapwa na wamisionari wa Kianglikana wa Magila. Mengi tunayoyajua leo kuhusu nyumba ya Kimweri yametoka katika kalamu yake.

Misafara ilileta shanga, nguo, magobori na baruti. Nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa nchi ile, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, wajukuu wa Waafrika waliovukishwa bahari ya Atlantiki. Mtu wa milima yetu aliweza kuuzwa kwa kipande cha nguo ambacho pamba yake ilichumwa na mtumwa mwenzake, na wala wawili hao wasingejuana kamwe. Mwaka 1861 Marekani yenyewe iligawanyika kwa sababu ya utumwa, ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1865. Pamba ikakatika, na merikani ikaadimika pwani yetu. Katika miaka hiyo hiyo Usambara nayo ilikuwa inaanza kupasuka.

Misafara haikutoa bunduki bure. Ilitaka pembe, na pembe zilipopungua ilitaka watu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono, na mashamba ya miwa ya Pangani pia. Ndipo likaanza gurudumu ambalo halikuwa rahisi kulisimamisha: mkuu mwenye bunduki alipata mateka, akawauza mateka akapata bunduki nyingine, na jirani yake asiye na bunduki alilazimika kufanya vivyo hivyo ili yeye na watu wake wasije wakawa mateka.

Mjukuu na baba zake wadogo na wakubwa

Kimweri alifariki mwaka 1862. Mwana aliyetarajiwa kumrithi alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo enzi ikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Hapo ndipo nyumba ilipoingia ufa. Kijana yule aliketi Vugha kama Simba Mwene, lakini wakuu waliopaswa kumtii walikuwa baba zake wadogo na wakubwa, watu waliozoea kutawala kabla yeye hajakua. Kimweri aliwaamuru kama wanawe. Shekulwavu hakuweza kuwaamuru vivyo hivyo, na mwenye nguvu kuliko wote alikuwa Semboja.

Msomaji wa Biblia atakumbuka habari ya Rehoboamu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12: baba mwenye sifa anakufa, mrithi anapokea kiti lakini hapokei mioyo ya watu, na ufalme unapasuka vipande viwili. Huko Israeli mzigo uliowachosha watu ulikuwa kazi za kulazimishwa. Huku kwetu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wakuu walikuwa wanawakamata raia wao wenyewe na kuwapeleka pwani.

Karibu na mwaka 1868 Semboja aliwaita wapiganaji kutoka nje, Wataita na Wamasai, akapanda Vugha na kumfukuza mwana wa ndugu yake. Shekulwavu alikimbilia mashariki, na muda si mrefu akafa. Semboja hakuketi mwenyewe katika kiti cha Vugha. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, aliyekuwa bado mtoto, naye akarudi Mazinde kwenye njia ya misafara. Jina la ufalme likabaki mlimani, na nguvu zikawa bondeni kwenye bunduki.

Kiva

Kabla vita vya Vugha havijapoa, Wabondei pamoja na watu wa milima ya mashariki waliasi. Maasi hayo yanaitwa Kiva. Semboja aliyatazama kwa furaha mwanzoni, kwa kuwa Wakilindi wa upande huu walikuwa wafuasi wa Shekulwavu. Lakini waasi hawakuchagua kati ya Wakilindi wa huyu na wa yule. Walikuwa na hasira ya miaka mingi dhidi ya wakuu waliowauzia watoto wao. Wakawageukia Wakilindi wote, wakawaua wengi, na wengine wakawauza pwani.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Waliokuwa wanauzwa waliinuka, na madai yao yalikuwa ya haki. Lakini walipopata nguvu, baadhi yao walishika kamba ile ile na kuwafunga wengine. Biashara hiyo ilikuwa imewafundisha watu wote, wakubwa kwa wadogo, kuhesabu bei ya binadamu.

Vita havikuisha. Ndugu za Shekulwavu, Chanyeghea na Kibanga, waliendelea kupambana na nyumba ya Semboja kutoka milima hii ya mashariki. Watu walihama sehemu zilizo wazi, wakajenga vijiji vya boma vilimani. Mama hakuthubutu kumtuma mtoto peke yake mtoni. Mashamba ya mbali yaliachwa, na njaa ikafuata, kama wazee walivyokuwa wakifundisha kwamba wakuu wawili wakigombania nchi, nchi huharibika.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1868, wakati Usambara inapasuka, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo, wakikomboa watumwa na kuwakusanya katika kijiji cha watu huru. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar. Hata hivyo, majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri usiku kwenda Pemba. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliandika barua ya kulaani utumwa na kuwahimiza wakristo kuipinga biashara hiyo Afrika.

Tuseme pia ukweli unaotuhusu sisi. Wanunuzi wa watu hawakuwa wa dini moja. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Kifaransa, watu waliobatizwa, walinunua watumwa Kilwa kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion. Hatusomi habari za Semboja ili kumnyoshea kidole jirani.

Wajerumani walipoingia, Semboja alizipima nguvu zao, akakubali utawala wao bila vita kubwa. Maguvu alifariki mwaka 1893, na mwana mwingine wa Semboja, Mputa, akashika kiti cha Vugha. Mwaka 1895 Semboja akafa. Mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Mputa, na kiti wakampa Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu. Kile ambacho Semboja alikipigania kwa karibu miaka 30 kilirudi katika nyumba aliyoinyang'anya, na kilirudi kikiwa hakina nguvu tena, kwa sababu mwenye nchi sasa alikuwa mgeni. Mwaka 1897 Watrapisti walifika Gare na kuanzisha misioni Katoliki katika milima iliyochoshwa na vita. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922.

Tunajifunza nini?

Semboja hakuwa mjinga, wala hatuna sababu ya kumwona kuwa mkatili kuliko wenzake. Alikuwa kiongozi aliyesoma alama za nyakati zake, lakini akazisoma kama mfanyabiashara tu. Mbegha alipata ufalme kwa kuwalisha watu. Semboja alipata nguvu zisizowahitaji watu, kwa kuwa bunduki zake zilitoka barabarani, si kwa raia. Kiongozi akifika mahali ambapo riziki yake haitegemei tena heri ya watu wake, anaweza kuwauza bila kuhisi kuwa amepoteza chochote. Ndugu za Yosefu nao walikula chakula huku ndugu yao akilia kisimani, kisha wakauza.

Waseminari wapendwa, ninyi mnaandaliwa kuwa wachungaji. Mtapewa parokia, mtapewa watu na mali yao. Jiulizeni tangu sasa kama mtakuwa watu wa Mbegha au watu wa njia ya Mazinde.

Nasi waamini tusiseme kuwa mambo hayo yamepita. Mpaka leo wapo watu wanaofika katika vijiji vyetu vya milimani wakiahidi kazi nzuri na shule mjini. Msichana wa miaka 13 huondoka na mfuko mmoja wa nguo, na baada ya miezi michache simu haipokelewi. Wakati mwingine anayemtoa ni shangazi au mjomba, naye amepokea kitu kidogo. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, lakini sheria haifiki kijijini isipopelekwa na watu. Jumuiya ndogondogo zinaweza kuuliza: mtoto huyu anakwenda kwa nani, anaishi wapi, nani atampigia simu Jumapili ijayo? Maswali hayo hayana gharama.

Kanisa limeiweka tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, kuwa siku ya kuwaombea wanaouzwa. Bakhita aliibwa akiwa mtoto huko Sudan, katika miaka ile ile ambayo nchi yetu ilikuwa vitani. Tumwombe atuombee, tuwaombee marehemu wa vita hivyo, waliouza na waliouzwa, Wakilindi, Wasambaa na Wabondei, ambao damu yao imo ndani yetu sisi tunaoishi leo katika milima hii.

Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee.