Bibi Titi Mohamed: Aliyeangushwa na kura za Rufiji

MWEZI Septemba 1965, wapiga kura wa Rufiji, jimbo lililoanzia visiwa vya mikoko vya delta na kupita Kibiti hadi ng'ambo ya mto Utete, walimnyima ubunge mwanamke aliyekuwa maarufu kuliko wote nchini. Jamhuri ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962, na mwanamke huyo alikuwa miongoni mwa walioizaa. Jina lake ni Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Baba yake hakupenda asome shule ya serikali, na ni baada ya kifo cha mzee huyo ndipo mama yake alipompeleka darasani, akapata elimu ya miaka michache tu. Akaolewa angali binti mdogo. Umaarufu wake wa mwanzo haukutokana na siasa bali na sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, wanawake hawakuonekana katika safu zake. Mwaka uliofuata John Hatch, mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, alizuru Dar es Salaam na kutaka kujua walipo. Viongozi wakaona aibu. Schneider Plantan, mmoja wa wanachama wa mwanzo, akamwendea Boi Selemani, dereva wa teksi, amruhusu mkewe kuingia katika kazi ya chama. Mke huyo, Bibi Titi, alikuwa na kadi namba 16.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Bibi Titi hakuanza na vitabu wala matamko. Alivifuata vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi na wanachama wake, na kupitia humo habari za TANU zikaingia uani kwa akina mama ambao hawakuwa wakienda mikutanoni. Katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Baadaye alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Julius Nyerere, na majina yao mawili yakawa yanatajwa pamoja hata vijijini.

Uhuru ulipopatikana vyeo vilimfuata. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT. Serikalini akashika nafasi ya waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii, na bungeni akaiwakilisha Rufiji.

Jimbo hilo halikuwa jepesi kuliongoza. Katika delta watu walisafiri kwa mitumbwi, wakilima mpunga kwa kufuata maji kupwa na kujaa. Juu zaidi bondeni wakulima walilala katika madungu kulinda mashamba, huku mafuriko yakiwa baraka mwaka mmoja na msiba mwaka mwingine. Mto uligawa wilaya pande mbili, na Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003 tu. Mbunge mwenye kazi za wizara, chama na umoja wa wanawake, zote Dar es Salaam, asingeweza kuonekana mara kwa mara Mbwera au Salale.

Katika uchaguzi wa mwaka 1960 wagombea 58 kati ya viti 71 walipita bila kupingwa. Mwaka 1965, chini ya Katiba ya Muda iliyohalalisha chama kimoja, mambo yaligeuka. TANU iliweka wagombea wawili jimboni, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na wananchi wakachagua. Wakubwa kadhaa walianguka, akiwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Rufiji nayo ikamwacha Bibi Titi.

Hata hivyo, pigo hilo halikumwondolea heshima. Alibaki katika Kamati Kuu ya TANU na uongozi wa UWT. Mapigo mengine mawili ndiyo yaliyomvua kila kitu.

La kwanza lilikuja tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, na hakukubaliana na sharti hilo. Akajiuzulu nyadhifa zake. La pili lilikuja Oktoba 1969, alipokamatwa pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi, wakituhumiwa kupanga njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo, alikuwa uhamishoni London. Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Bibi Titi alikana mashtaka, lakini mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia huru.

Miaka hiyohiyo wapiga kura wake wa zamani nao walihamishwa. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwaondoa wakulima wengi wa bonde la Rufiji na kuwaweka katika vijiji vya nyanda za juu, mbali na mashamba yao. Dola changa ilikuwa ikipanga upya maisha ya viongozi na ya wakulima kwa pamoja.

Kwa karibu miaka 20 Bibi Titi aliishi kimya. Ni mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, ndipo alipotajwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki dunia mjini Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, wiki moja baada ya Watanzania kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi.

Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na sehemu kubwa ya delta imo katika Wilaya ya Kibiti. Kati ya mapigo matatu yaliyompata, ni moja tu lililoamuliwa na wananchi wenyewe, kwa karatasi ya kura. Nalo ndilo pekee ambalo halikumnyima uhuru wala kumvunjia jina.