Maureen Connolly: Malkia wa tenisi ambaye nyota yake ilizima akiwa na miaka 19

MKENYA Angella Okutoyi alipotwaa taji la wasichana chipukizi la Wimbledon katika mchezo wa wawili kwa wawili mnamo Julai 2022, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, mashabiki wa tenisi humu nchini walijawa na fahari. Hadi siku hiyo hakuna Mkenya aliyekuwa ameshinda taji lolote katika yale mashindano manne makuu ya mchezo huo duniani.

Hata hivyo, ushindi wa mtoto huzua swali ambalo wazazi na makocha hawana budi kulikabili: je, kipaji kilichochipuka mapema kinastahili kulelewa vipi? Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Lakini mikono inayoufinyanga udongo huo inaweza kutengeneza chungu, na inaweza pia kuacha ufa usioonekana.

Maisha ya Maureen Connolly, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1969, ni kielelezo cha hayo yote mawili.

Connolly alizaliwa Septemba 17, 1934, mjini San Diego, jimbo la California. Wazazi wake walitengana angali mdogo sana, akalelewa na mama yake. Mapenzi yake ya kwanza hayakuwa tenisi bali farasi. Aliota kuwa mpanda farasi, ila mama yake hakuwa na uwezo wa kugharimia mafunzo hayo. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, alivutiwa na watu waliokuwa wakicheza tenisi katika uwanja wa umma karibu na nyumbani kwao, na raketi ikachukua nafasi ya hatamu.

Kocha wake wa kwanza, Wilbur Folsom, aligundua kwamba msichana huyo alitumia mkono wa kushoto. Akamshauri aanze kutumia wa kulia. Haikuwa kazi rahisi kwa mtoto, lakini mkono huo wa kulia ndio uliokuja kuwatetemesha wapinzani wake kote duniani.

Baadaye alichukuliwa na Eleanor Tennant, kocha aliyesifika kwa kuwanoa mabingwa. Tennant alikuwa mkali kupindukia. Alimfunza Connolly mbinu za mchezo, na pamoja nazo akamfunza kwamba mpinzani ni adui wa kuchukiwa. Msichana akayameza mafunzo hayo yote bila ya kuchambua.

Matunda yalionekana upesi. Mnamo 1949, akiwa na miaka 14, alinyakua taji la kitaifa la Marekani la wasichana wasiozidi miaka 18. Hakuna aliyekuwa amelitwaa akiwa na umri mdogo kama huo. Mwaka uliofuata akalihifadhi. Mwandishi mmoja wa michezo wa San Diego alimbandika jina la Little Mo, akiifananisha mikwaju yake na mizinga ya manowari ya Missouri ambayo Wamarekani waliiita Big Mo.

Mnamo 1951, akiwa na miaka 16, alishinda mashindano ya Marekani ya watu wazima. Alimbandua Doris Hart katika nusu-fainali, kisha akamlaza Shirley Fry kwenye fainali ya seti tatu. Rekodi yake ya kuwa bingwa mwenye umri mdogo zaidi wa mashindano hayo ilidumu hadi 1979 ilipovunjwa na Tracy Austin.

Mwaka wa 1952 alitua Wimbledon akiwa na maumivu ya bega. Tennant alimtaka ajiondoe, Connolly akakataa. Mzozo huo ulivunja uhusiano wao. Msichana wa miaka 17, ugenini na bila ya kocha wake, alijikaza akatinga fainali na kumshinda Louise Brough 7-5, 6-3.

Kisha ukaja mwaka wa 1953, ambao haujasahaulika katika historia ya tenisi. Chini ya uelekezi wa Harry Hopman wa Australia, Connolly alitwaa mataji ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani katika mwaka mmoja. Kabla yake, Don Budge pekee alikuwa ametimiza hayo kwa upande wa wanaume, mnamo 1938. Miongoni mwa wanawake, ni Margaret Court mnamo 1970 na Steffi Graf mnamo 1988 tu waliofuata nyayo zake. Katika mashindano hayo yote manne, Connolly alipoteza seti moja pekee.

Hata hivyo, mwaka huo huo ulimpa funzo la unyenyekevu. Mjini Melbourne alikuwa amemshinda Julia Sampson katika fainali, kisha wakashirikiana kutwaa taji la wawili kwa wawili. Lakini walipofika fainali ya Wimbledon, Sampson na Connolly walipigwa 6-0, 6-0 na Hart na Fry. Connolly alikuwa amemshinda Hart huyo huyo katika fainali ya mchezaji mmoja kwa mmoja. Ubingwa wa mtu binafsi haukumhakikishia hata pointi za kushinda gemu moja alipolazimika kugawana uwanja na mwenzake. Umoja ni nguvu, na Hart na Fry walikuwa wamezoeana kwa miaka mingi.

Mnamo Julai 1954 alishinda Wimbledon kwa mara ya tatu mfululizo. Kati ya 1951 na wakati huo alikuwa ameingia mashindano makuu tisa, na yote tisa akayashinda.

Ajali haina kinga. Mnamo Julai 20, 1954, siku chache baada ya ushindi huo, Connolly alikuwa akiendesha farasi wake, Colonel Merryboy, huko San Diego. Lori la kuchanganyia saruji lilipita karibu nao, na mguu wake wa kulia ukapondwa. Mfupa ulivunjika na misuli ikachanika. Alijaribu kurejea uwanjani, lakini mguu haukukubali. Mapema 1955 alitangaza kustaafu. Mahakama ilimpa fidia ya dola 95,000, na Mahakama ya Juu ya California ikaidhinisha uamuzi huo mnamo 1957. Ikumbukwe kwamba mataji yake yote aliyashinda bila ya malipo, kwani zawadi za pesa ziliruhusiwa katika mashindano makuu mwaka wa 1968 pekee.

Wengi wangekata tamaa. Yeye aliolewa 1955 na Norman Brinker, mpanda farasi aliyekuwa katika kikosi cha Marekani cha Olimpiki za 1952, na wakajaliwa mabinti wawili. Katika kitabu chake kuhusu maisha yake, alichokichapisha 1957, alikiri kwamba woga na chuki ndivyo vilivyomsukuma uwanjani alipokuwa msichana, na kwamba hakufurahia ushindi wake jinsi watu walivyodhani.

Ungamo hilo ndilo kiini cha maisha yake ya baadaye. Aligeukia kazi ya kuwafunza watoto. Mnamo 1966 alipatikana na saratani, lakini hakuacha. Mwaka wa 1968, akiwa pamoja na Nancy Jeffett, alianzisha wakfu wa kusaidia chipukizi wa tenisi huko Texas. Alifariki mjini Dallas Juni 21, 1969, Wimbledon ikikaribia kuanza. Alikuwa na miaka 34.

Miaka 13 baadaye, mnamo 1982, Wimbledon ilianzisha shindano la wasichana chipukizi la wawili kwa wawili, lile lile ambalo Okutoyi alikuja kulishinda. Connolly hakuwahi kuliona. Lakini shindano linalomlazimu msichana mdogo kumwamini mwenzake kabla ya kumshinda mpinzani linafundisha jambo ambalo yeye hakulipata katika utoto wake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kenya inapowatafuta chipukizi wengine wa kufuata nyayo za Okutoyi, makocha wetu wakumbuke kwamba chuki huweza kuleta vikombe, lakini huacha moyo ukiwa mtupu hata wakati wa makofi.