MAMA ALIYEHAMISHIWA KISII

Wasomaji wetu wa Tarime waujua vema mji wa Kisii. Mtu akivuka mpaka pale Sirari asubuhi, kabla jua halijafika utosini amekwisha kuingia sokoni, na Mkuria akisema polepole, Mgusii atamwelewa. Lakini mwaka 1913 Waingereza waliliteua boma lao changa la Kisii kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kwa mtu wa pwani palikuwa mbali, penye lugha ngeni na nyuso ngeni, mahali pa kumsahaulisha mtu.

Mtu huyo alikuwa mjane wa Kigiriama, Mnyazi wa Menza, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Hakuwa na cheo wala silaha. Kwa desturi ya kwao mwanamke hakuwa na kiti katika baraza la wazee. Ila Serikali ilipodai kodi ya nyumba, na Bwana Champion, aliyetumwa kuwatawala Wagiriama mwaka 1912, alipotaka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya Wazungu, yeye alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza ngoma ya kifudu, ngoma ya msiba, na watu wakamfuata. Kule Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, wanaume na wanawake walikula viapo wasitoe kodi wala vijana.

Mwezi wa Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakaamriwa kukaa Kisii miaka mitano.

Yafaa tuiangalie adhabu hii. Wagiriama hawakuwa na jela, kama vile wazee wetu wa Kikuria hawakuwa nayo. Mkosaji alitozwa fidia, na jambo la siri lilipimwa kwa kiapo. Hata neno gereza ni geni, nasi Wakristo twaona haya kidogo kulieleza, kwa kuwa latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno tangu 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake. Watu wakaliita jengo kwa jina hilo, na Waingereza wakaifanya jela kweli kweli tangu 1895 hata 1958. Basi ngome ilikuwapo karibu kabisa na kwao Mekatilili. Mbona hakutiwa humo? Kwa maoni yetu, mfungwa aliye karibu na watu wake aweza kutembelewa, na habari zake husikika. Umbali ulikuwa ukuta mrefu kuliko ule wa mawe, tena usio na gharama.

Ukuta huo haukumzuia. Mwanzoni mwa 1914 yeye na Wanje walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilometa 600, katika nchi za watu wasiowajua. Mengi yamesimuliwa juu ya safari hiyo, mengine ya ajabu mno. Sisi yatutosha kwamba mwanamke aliyekwisha kuwa mtu mzima sana alifika kwao.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa watu 1,000 wa kuchukua mizigo katika vita vya Wazungu. Mekatilili alikamatwa tena na kuhamishwa.

Aliachiliwa mwaka 1919. Akarudi Kaya Fungo, na safari hii alipewa kuongoza baraza la wanawake, naye Wanje la wanaume. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, upande wa Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki, katika nchi ile ile ambayo Serikali ilikuwa imewaamuru Wagiriama waihame.