Mtakatifu Petro Claver, Mtumishi wa Watumwa

Petro Claver alizaliwa mwaka 1580 huko Verdú, katika nchi ya Hispania. Alipokuwa kijana aliingia shirika la Wayezuiti. Katika kisiwa cha Mallorca alikutana na Bruda Alfonso Rodríguez, mzee mnyenyekevu aliyekuwa bawabu wa nyumba ya watawa. Mzee huyo ndiye aliyemtia moyo avuke bahari, akawatafute watu waliosahauliwa.

Mwaka 1610 Petro alifika Amerika, akafanya kazi Cartagena, mji wa bandari ulio leo katika nchi ya Kolombia. Hapo alipewa upadri mwaka 1616. Merikebu zilileta huko Waafrika wengi mno, waliotolewa Gine, Angola na Kongo, wamefungwa minyororo. Wengi walikufa njiani. Waliofika hai walishikwa na hofu kuu, maana walidhani ya kuwa wazungu watawaua na kuigeuza miili yao kuwa mafuta.

Petro alijua ya kuwa mtu mwenye kiu na hofu hawezi kupokea mafundisho. Kwa hiyo merikebu ilipotia nanga, hakuanza kwa kuhubiri. Alishuka katika giza na uvundo, akichukua maji, matunda, mkate na dawa. Wagonjwa aliwafunika kwa joho lake mwenyewe. Wala hakwenda peke yake: alifuatana na wakalimani, nao walikuwa Waafrika watumwa, kama Andrés Sacabuche, mtu wa Angola. Kwa vinywa vyao aliwauliza wageni habari za maumivu yao, akawasikiliza, akawaondolea hofu. Ndipo alipowaonyesha picha ya Bwana wetu Yezu Kristu msalabani, akawafundisha na kuwatayarishia ubatizo.

Mwaka 1622, alipoweka nadhiri zake za mwisho, alijiandika kuwa mtumwa wa Waafrika siku zote. Akalishika neno lake. Alipoungamisha, watumwa walitangulia. Mabwana na mabibi walingoja zamu yao. Wakubwa wengi walinung'unika, lakini Petro hakubadili desturi yake.

Mwaka 1650 tauni ilimpata. Hakufa, lakini mikono yake ilitetemeka daima, akakaa chumbani miaka minne. Yeye aliyewakumbuka wote, sasa wachache walimkumbuka. Hata aliyewekwa kumwuguza alimtendea vibaya, naye akavumilia. Alikufa tarehe 8 Septemba 1654. Mwaka 1888 Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu, pamoja na yule bawabu Alfonso.

Petro hakuweza kuikomesha biashara ya watumwa. Lakini hakuna aliyeweza kumzuia asiwatendee watumwa kama ndugu.

Enyi wakatekumeni, katika kila kijiji yuko mgonjwa asiyetembelewa, mjane asiyesikilizwa, mgeni asiyejua lugha. Mwendeeni na maji kwanza. Ketini, msikilizeni mpaka amalize maneno yake. Ndivyo mtu anavyojitayarisha kuwa Mkristu.