Hamming: Mwanahisabati aliyeifundisha kompyuta kujisahihisha

MKAZI wa Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, anayetumiwa Sh5,000 kwa simu ya mkononi huamini kuwa salio lake halitabadilika akiwa usingizini. Hata hivyo, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta fedha hizo ni mfuatano wa sifuri na moja tu. Hitilafu ya umeme au chembe ya mionzi kutoka angani ikiigeuza tarakimu ya 13 kutoka kulia, Sh5,000 husomeka Sh904. Ikigeuka ya 21, husomeka Sh1,053,576.

Kinga dhidi ya balaa hilo ilitokana na Mmarekani Richard Wesley Hamming, aliyezaliwa Chicago Februari 11, 1915. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1942, na mwaka 1945 akapelekwa Los Alamos, kulikotengenezwa bomu la atomiki, kusimamia mashine za kukokotoa. Mwaka uliofuata alijiunga na maabara za kampuni ya simu ya Bell.

Huko alitumia mashine kubwa ya swichi za umeme, naye akipewa nafasi mwishoni mwa juma, wasimamizi wakiwa hawapo. Mashine ilikuwa na uwezo wa kutambua kosa, lakini ikilitambua huiacha kazi hiyo na kurukia inayofuata. Jumatatu mbili mfululizo Hamming alikuta kazi yake haikufanyika. Kwa hasira alijiuliza: ikiwa mashine hujua kuwa imekosea, kwa nini isijue imekosea wapi?

Njia ya kuandika kila tarakimu mara tatu na kufuata wingi ilijulikana, lakini ni ya gharama: tarakimu nne huhitaji nafasi 12. Hamming alitosheka na saba. Aliongeza tarakimu tatu za ukaguzi, kila moja ikikagua kundi lake, na makundi yakiingiliana kwa mpango maalumu. Kaguzi zilizoshindwa, zikisomwa pamoja, hutaja nafasi yenye kosa. Zikipita zote, hakuna kosa. Kwa kuwa tarakimu ni sifuri au moja, kujua ilipo iliyoharibika ndiyo kuisahihisha.

Mwenzake, Claude Shannon, aliutaja msimbo huo mwaka 1948, ila taratibu za hataza ziliuchelewesha mchapo wa Hamming mwenyewe hadi 1950. Katika seva za leo, kwa kawaida kila tarakimu 64 za kumbukumbu hulindwa na nane za ukaguzi: kosa moja husahihishwa, mawili hugunduliwa. Kompyuta nyingi za nyumbani, kwa bahati mbaya, huuzwa bila ulinzi huo kamili.

Hamming alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1968. Kuanzia 1976 alifundisha katika chuo cha jeshi la majini mjini Monterey, California, akastaafu mwaka 1997. Alifariki dunia Januari 7, 1998, akiwa na umri wa miaka 82.