Wimbi la Fritz Lipmann
Fritz Lipmann alizaliwa mwaka 1899 huko Königsberg, Ujerumani. Baada ya kusomea udaktari alijifunza kazi ya maabara kwa Otto Meyerhof, ambaye msaidizi wake, Karl Lohmann, aligundua ATP, molekuli yenye fosfati tatu, mwaka 1929. Mwaka 1939 Lipmann, Myahudi, aliiacha Ulaya akahamia Marekani.

Mimi namkumbuka kwa alama aliyoitumia mwaka 1941: ~P. Kimstari hicho cha wimbi kilisema kwamba fosfati imeshikwa na kifungo chenye nishati nyingi.

Alama ilienea, na kosa likaenea nayo. Wengi wetu, tangu sekondari, tulidhani nishati imefungiwa mle na hutoroka kifungo kikikatwa. Kiswahili kinatuponza zaidi, maana kifungo ni cha gerezani pia. Kumbe kukata kifungo kunagharimu nishati. Faida hutokea kwa sababu ATP ikivunjwa kwa maji, vinavyozaliwa vimetulia kuliko ATP na maji yenyewe. Lipmann simlaumu sana: alikuwa akipiga hesabu za seli, na kwa hesabu wimbi lilitosha.

Nobel aliipata mwaka 1953, pamoja na Hans Krebs. Yeye kwa ajili ya koenzimu A. Alifariki Marekani mwaka 1986.