Luigi Broglio

Luigi Broglio (Mestre, Italia, 11 Novemba 1911 – Roma, 14 Januari 2001) alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga na profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Anakumbukwa hasa kwa kuanzisha kituo cha kurushia roketi baharini karibu na Malindi, Kenya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Italia haikuwa na roketi ya kupeleka satelaiti angani. Broglio hakungoja itengenezwe, bali alipatana na NASA ya Marekani apate Scout, roketi ndogo ya hatua nne. Fueli yake ilikuwa mango, si kiowevu, kwa hiyo haikuhitaji matangi ya gesi zilizopoozwa wala mitambo ya kujazia. Hilo lilirahisisha sana kuirusha kutoka jukwaa la chuma lililosimama juu ya nguzo baharini.

Kwa nini Kenya? Ngomeni, kwenye Ghuba ya Ungwana, iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Hapo mzunguko wa Dunia huipa roketi inayoelekea mashariki kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kuchoma fueli yoyote. Tena upande huo ni bahari tupu, hivyo hatua zinazodondoka haziangukii makazi ya watu.

Hata hivyo alikwenda polepole. Mwaka 1964 roketi ndogo za utafiti zilijaribiwa kutoka jukwaa la Santa Rita. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Waitalia wenyewe walirusha San Marco 1 kutoka Wallops Island, Marekani. San Marco 2 ilirushwa kutoka Kenya tarehe 26 Aprili 1967. Satelaiti hizo zilibeba mizani iliyobuniwa na Broglio: hewa nyembamba ilisukuma ganda la nje, na mikono inayonyumbuka kati ya ganda na kiini ilipima msukumo huo. Ndivyo ulivyopatikana msongamano wa hewa ya juu, ambayo hupunguza kasi ya vyombo vya angani na hatimaye kuviangusha.

Satelaiti mashuhuri zaidi ya kituo hicho ni Uhuru, ya Marekani, iliyochunguza eksirei kutoka angani. Ilirushwa 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na ndipo ilipopata jina lake.

Kwa jumla satelaiti 9 zilirushwa, ya mwisho ikiwa Machi 1988. Broglio alitaka kuendelea kwa Scout yenye nguvu zaidi, lakini mpango huo haukutekelezwa. Kituo kilibaki na kazi ya kufuatilia satelaiti, na sasa kinaitwa kwa jina lake.